Msimkimbie Lukumani

Jumapili alasiri, mji wa Nachingwea ulihamia uwanjani.

Ulikuwa uwanja mkubwa. Mtu aliyesimama upande mmoja hakuweza kuutambua uso wa ndugu yake upande wa pili. Katikati palikuwa na kiwanja cha mpira wa miguu. Pembeni, walimu wa kike na wanawake wa ofisini walicheza mpira wa pete. Watoto walikimbizana kwenye njia ya vumbi iliyouzunguka uwanja wote. Waliochoka walijinyoosha kwenye kivuli cha mijohoro. Walikuwapo makarani waliohamishwa kutoka mikoa ya mbali. Walikuwapo wenye maduka. Walikuwapo wakulima waliokuja kwa baiskeli kutoka Naipingo. Hapakuwa na kiingilio. Kila mtu alikuwa na haki ya kupumzika pale.

Mwamina alikuja kila Jumapili na sinia la karanga za kukaanga. Alikuja pia na binti yake Mwantumu, mwenye miaka mitatu. Karanga aliuza, lakini hasa alikuja kumtazama mumewe.

Mumewe, Lukumani, alikuwa fundi seremala. Alikuwa na miaka ishirini na saba, naye alikuwa beki wa kati wa timu ya mtaa. Hakuwa na mbio nyingi, ila alijua mpira utaangukia wapi. Nahodha wa timu, Ildefonsi, alikuwa karani wa posta na rafiki yake mkubwa. Kila baada ya mchezo walikula pamoja nyumbani kwa Mwamina, sahani moja.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mwamina hakumwambia mtu wa nje. Mara tatu tangu waoane, wakati wa alfajiri, Lukumani alikakamaa kitandani. Alitetemeka mwili mzima, akauma ulimi. Alipozinduka hakukumbuka kitu. Mara ya kwanza Mwamina alimkimbilia mama mkwe wake, Bi Biasha, aliyeishi nao.

Bi Biasha alikwenda kufunga mlango. Kisha alisema, "Usimwambie mtu. Hata mama yako mzazi usimwambie."

Mwamina hakumwambia mtu.

Jumapili moja ya mwezi Septemba, mwaka 1977, jua lilikuwa kali. Mpira ulipigwa juu kuelekea goli la timu ya Lukumani. Alikuwa peke yake, nao ulikuwa mpira mwepesi. Watu walisubiri aupige kichwa. Hakuupiga. Alisimama, akainua uso kama mtu aliyeitwa. Mpira ulimpita. Alitoa mlio mmoja mkubwa, akaanguka chali.

Miguu yake ilikakamaa. Kisha mwili wote ulianza kutikisika. Povu lenye damu lilimtoka mdomoni.

"Kifafa!" mtu alipiga kelele. "Msimguse! Mate yake yasiwaguse!"

Wachezaji walikimbia. Refa alikimbia na filimbi yake mdomoni. Akina mama waliwanyakua watoto wao. Ildefonsi alirudi nyuma hatua kumi, akasimama mikono kichwani. Punde si punde katikati ya uwanja pakawa na duara kubwa tupu. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja tu.

Mwamina aliliacha sinia likaanguka. Jirani yake alimshika mkono.

"Usiende, Mama Mwantumu! Una mtoto mdogo! Atakuambukiza!"

"Nishikie mtoto," Mwamina alisema, akajichomoa.

Alipiga magoti kando ya mumewe. Hakujua la kufanya. Alimkandamiza mikono ili isitikisike, lakini ilimshinda nguvu. Mzee mmoja alimrushia kijiti kutoka mbali. "Mtie mdomoni, asiume ulimi!" Mwamina alijaribu kukiingiza kijiti kwa nguvu. Kitu kilivunjika. Lilikuwa jino la mbele la Lukumani. Damu iliongezeka.

Mtikisiko ulipokoma, Mwamina aliona kaptura ya mumewe imelowa. Alifungua kanga yake ya juu, akamfunika. Kisha aliinua macho.

"Nisaidieni kumbeba," alisema.

Watu walikuwa mamia. Hakuna aliyesogea. Basi alimngoja mpaka alipoweza kusimama. Walitoka uwanjani wakiwa wameshikana, Lukumani hajui alipo. Watu waliwapisha njia, njia pana kuliko iliyohitajika.

Tangu siku ile mambo yalibadilika. Mtu aliyeagiza kitanda alileta habari kwamba amepata fundi mwingine. Kisimani wanawake waliiacha ndoo ya Mwamina peke yake. Ildefonsi hakuja tena kula. Timu ilituma neno kwamba Lukumani apumzike. Hawakusema apumzike mpaka lini.

Kaka yake Mwamina alifunga safari kutoka Mbekenyera.

"Dada, chukua mtoto turudi nyumbani," alisema. "Ugonjwa ule huruka."

"Nimelala naye miaka minne," Mwamina alijibu. "Ungekuwa unaruka, ungekuwa umeshanirukia."

"Wewe mbishi."

"Si mbishi, kaka. Ni mume wangu."

Kaka aliondoka bila kula. Bi Biasha naye alitenga sahani na kikombe cha mwanawe, akaviweka kwenye rafu ya peke yake. Walikwenda kwa mganga wa kienyeji mara mbili. Lukumani alifukizwa moshi mpaka macho yakavimba. Wiki iliyofuata alianguka tena.

Asubuhi moja ya mwezi Novemba, Lukumani alikuwa uani akichemsha gundi ya mbao. Mwamina alikuwa amekwenda kisimani, na Bi Biasha alikuwa shambani. Lukumani alianguka, mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye makaa.

Wanaume wawili waliokuwa wakitengeneza ua wa jirani waliona kila kitu. Walipiga kelele kwa nguvu zao zote. "Moto! Jamani, moto!" Lakini hawakuvuka ua.

Mwamina alizisikia kelele akiwa njiani. Alitupa ndoo, akakimbia. Ni yeye aliyemvuta kutoka motoni. Ngozi ilikuwa imebanduka kutoka kiganjani mpaka kiwikoni.

Walipokuwa wakienda hospitali, Bi Biasha, aliyekuwa ameitwa kutoka shambani, alimnong'oneza Mwamina. "Useme aliteleza."

Mganga msaidizi aliyewapokea aliitwa Apolinari. Alikuwa mtu wa Ngara, amehamishiwa kusini mwaka uliotangulia. Alisafisha jeraha polepole, akalifunga. Kisha aliuliza, "Ilikuwaje?"

"Aliteleza," Mwamina alisema.

Apolinari alimtazama Lukumani, akamtazama Mwamina. "Mtu aliyeteleza akagusa moto huuvuta mkono wake haraka," alisema. "Mkono huu haukuvutwa."

 Bi Biasha alitazama sakafu.  Mwamina alikumbuka kelele za wale wanaume wawili nyuma ya ua.

"Alianguka," alisema. "Ana kifafa."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno lile.

"Vizuri umesema," alisema Apolinari. Alivuta kiti, akaketi karibu nao. "Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo ndio unaouamuru mwili: shika, tembea, simama. Mara nyingine, kwa mwenye ugonjwa huu, amri hutoka zote kwa pamoja, bila mpango. Mwili haujui ufuate ipi. Ndiyo maana hukakamaa na kutikisika."

"Na mate yake, Bwana Mganga?"

"Mate ni mate. Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa pumzi, si kwa kula sahani moja. Nimewahudumia watu wa kifafa miaka tisa. Nimewafuta povu kwa mikono hii. Mimi sijaanguka."

"Watu wanasema ni mashetani," alisema Bi Biasha kwa sauti ndogo.

"Mama, habari za mashetani sizijui. Ninajua vidonge. Watu wengi wakivimeza sawasawa, huacha kuanguka, au huanguka mara chache sana. Sasa nikuulize, shetani ataogopa kidonge?"

 Bi Biasha aliinua macho.

Apolinari alitoa vidonge vidogo vyeupe, akavitia kwenye bahasha ya karatasi na kuandika juu yake. Mwamina alikuwa amesoma darasa la kisomo cha watu wazima miaka miwili. Aliipokea bahasha, akasoma taratibu, kidole kikifuata maneno. "Kila siku jioni. Usiache."

"Hilo neno la mwisho ndilo kubwa," alisema Apolinari. "Wiki za kwanza atasikia usingizi. Avumilie. Akijiona mzima, asiache. Akiacha ghafla, ataanguka vibaya kuliko mwanzo. Mje kabla vidonge havijaisha. Kuacha au kupunguza ni juu yetu sisi wa hospitali, si juu yenu."

Lukumani aliuliza, "Na mpira?"

"Kwanza mkono upone. Tuone umekaa miezi kadhaa bila kuanguka. Halafu utacheza, mradi uwe na watu wanaojua la kufanya ukianguka. Lakini usioge mtoni peke yako. Usipande miti. Baiskeli uiache kwanza. Gundi akuchemshie mwingine."

"Watu wanaojua hawapo," alisema Lukumani. "Wote walikimbia."

Jioni ile Bi Biasha aliitoa sahani ya mwanawe kwenye rafu ya peke yake, akaichanganya na nyingine. Kisha aliketi kwenye mkeka karibu na Mwamina.

"Nilikuwa na kaka," alisema. "Aliitwa Saadi."

Mwamina alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo.

"Alikuwa akianguka kama Lukumani. Siku moja alianguka kijitoni, mahali tulipokuwa tukifua. Maji hayakufika hata magotini. Alianguka kifudifudi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilitaka kumgeuza. Watu wazima walinishika mikono, wakasema nitaambukizwa. Walinishika mpaka alipoacha kutikisika."

 Alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kumgeuza tu," alisema. "Miaka yote hii nilidhani ilikuwa lazima afe."

 Mwamina alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka mtoto alipoamka.

Mwamina aliisimamia dawa. Kila jioni, kabla ya chakula, alileta kidonge na kikombe cha maji. Mwezi wa kwanza Lukumani alianguka mara moja. Mwezi wa pili hakuanguka, wala wa tatu, wala wa nne. Mkono ulipona, ingawa uliacha kovu kubwa. Lakini wateja hawakurudi. Jumapili, kelele za uwanjani zilipofika mpaka nyumbani, Lukumani aliingia ndani.

Mwezi Machi Mwamina alikwenda hospitali peke yake.

"Bwana Mganga," alisema, "umetufundisha sisi watatu. Lakini waliokimbia ni mamia. Njoo uwaambie palepale walipokimbia."

Apolinari alifikiri kidogo. "Jumapili saa kumi," alisema.

Jumapili saa kumi timu zilikuwa tayari kuanza. Apolinari aliingia katikati ya uwanja, akaongea na refa. Filimbi ilipigwa. Watu walisogea. Walipomwona Lukumani amesimama pale na mkewe na mama yake, waliokuwa mbele walirudi nyuma.

"Nataka mtu mmoja alale chini," alisema Apolinari. "Niwaonyeshe namna ya kumsaidia mtu aliyeanguka kifafa."

Watu walitazamana. Wengine walicheka. Muda ulipita. Kisha Ildefonsi alitoka kwenye mstari wa wachezaji. Alilala vumbini na jezi yake safi. Kicheko kilikoma.

"Kwanza, msikimbie," alisema Apolinari. "Ondoeni vitu vyenye ncha. Kama kuna moto au maji, mtoeni hapo upesi. Wekeni kitu laini chini ya kichwa, hata shati. Legezeni nguo shingoni. Mgeuzeni alale ubavu, hivi, ili mate yatoke nje na apate kupumua. Msimkandamize. Msimtie kitu mdomoni, si kijiti, si kijiko, si maji. Kaeni naye mpaka azinduke, na mzungumze naye kwa upole. Mtikisiko ukipita dakika tano, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, hapo mkimbizeni hospitali."

"Na akitutemea mate?" aliuliza mzee mmoja.

"Utanawa, mzee. Kama unavyonawa jasho."

Bi Biasha alisogea mbele. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kukwamakwama. Lakini aliwaeleza habari za Saadi, tangu mwanzo hadi mwisho, kama alivyomweleza mkwewe. Alipofika mahali pa kushikwa mikono, aliinyoosha mikono yake mbele, watu waione.

"Nguvu nilikuwa nazo," alisema. "Sikuachiwa."

 Ildefonsi aliinuka, vumbi limemjaa mgongoni. Alimwendea Lukumani.

"Nilikimbia," alisema.

"Nimeambiwa," alijibu Lukumani.

"Sina la kujitetea."

 Lukumani aliuliza, "Nani anacheza beki siku hizi?"

"Hatuna beki," alisema Ildefonsi. "Tumefungwa michezo mitano."

Wiki mbili baadaye Lukumani alirudi kiwanjani. Si wote waliofurahi. Mchezaji mmoja alihama timu. Baadhi ya watu waliendelea kumkwepa njiani. Lakini mteja mmoja alirudi, kisha wa pili. Kisimani, mwanamke mmoja alimtwika Mwamina ndoo yake bila kusema neno.

Mwezi Julai timu ilialikwa kucheza Ruangwa. Walisafiri kwa lori Jumamosi, wachezaji na washabiki, Mwamina akiwamo. Walilala shuleni. Ijumaa, siku moja kabla ya safari, kulikuwa na msiba kwa jirani; Mwamina alikesha huko, na Lukumani alirudi kutoka makaburini usiku, akalala bila kumeza kidonge. Jumamosi, katika haraka ya safari, bahasha ya dawa iliachwa nyumbani. Mwamina aligundua walipofika. Alimweleza Ildefonsi, naye akawaeleza wachezaji wote.

"Leo usicheze," Ildefonsi alimwambia Lukumani asubuhi ya Jumapili.

Lukumani alikubali kwa shingo upande. Aliketi pembeni ya uwanja na wachezaji wa akiba. Mwamina alikuwa upande wa pili, pamoja na wanawake.

Dakika chache kabla ya mapumziko, Mwamina aliona watu wa Ruangwa wakitawanyika kule upande wa pili. Alisikia neno lile likipigwa kelele. Aliinuka, akaanza kukimbia, akiukata uwanja katikati.

Alipofika, alisimama.

Lukumani alikuwa amelala ubavu. Chini ya kichwa chake palikuwa na jezi mbili zilizokunjwa. Ildefonsi alikuwa amepiga magoti nyuma yake, mkono mmoja begani mwake, akimwambia taratibu, "Tupo, ndugu yangu. Tupo." Mchezaji mmoja alishika saa na kuhesabu dakika kwa sauti. Wengine walisimama kumzunguka, wakampa migongo, ili watu wasimkodolee macho. Mdomoni hapakuwa na kitu. Damu haikuwapo.

"Dakika mbili," alisema mwenye saa. "Imekoma."

Mwamina alitafuta la kufanya, hakupata. Kila kitu kilikuwa kimefanywa. Aliketi chini kwenye nyasi akalia, na hakuona haya.

Lukumani alipozinduka, walimpa maji kidogo, wakamhamishia kivulini akalala. Ndipo mwanamke mmoja wa makamo alipomsogelea Mwamina. Alikuwa ametoka Nkowe kuuza ufuta. Alisema jina lake ni Letisia.

"Nyinyi hamumwogopi?" aliuliza.

"Tulimwogopa," alisema Mwamina. "Tumefundishwa." Alimweleza yote: ubongo, vidonge, kumlaza ubavu, na neno usiache lililoandikwa juu ya bahasha. "Mume wangu ameanguka leo kwa sababu ya kukosa dawa siku mbili. Kabla ya hapo alikaa miezi saba."

Letisia alisikiliza, akizungushazungusha ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Nina binti," alisema mwishowe. "Ana miaka kumi na tisa. Hatumtoi nje."

"Anaitwa nani?"

Mwanamke alishtuka kidogo, kama mtu ambaye hajaulizwa swali hilo siku nyingi.

"Felomena."

"Sisi tunakwenda kituo cha afya kesho asubuhi, kumtafutia mume wangu vidonge vya kumfikisha nyumbani. Lori linaondoka saa nne. Mlete Felomena. Nitawangoja."

"Watu watamwona njiani."

"Wamwone," alisema Mwamina.

Jumatatu, saa moja asubuhi, Mwamina na Lukumani walikuwa kwenye benchi la kituo cha afya. Saa mbili ikapita, Letisia hajaja. Karibu na saa tatu, Mwamina aliwaona kwenye kona ya barabara. Felomena alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye alama ya moto shavuni. Alitembea polepole katikati ya barabara. Mkono mmoja alikuwa ameukinga juu ya macho, kwa sababu ya jua.

Lukumani aliinuka, akampisha mahali pake kwenye benchi.